Sifa Iliyoharibu Tui

Jumanne, Makorora

Na bado Salimu amenuna. Anune tu. Yeye ni kiongozi wa kikundi chetu chuoni, lakini ripoti ya mashine yetu ya kukuna nazi naimalizia mimi.

Alikuwa ameandika humo kwa fahari: "Mashine haibakishi kitu ndani ya kifuu." Wavulana wenzake wakampigia makofi. Mimi nazi iliyokunwa na mashine hiyo nikampelekea bibi. Akakamua tui, akalitazama, akaniuliza, "Nani kakuna hii? Kakuna mpaka kifuu!" Tui lilikuwa la kijivu, lina chembe za kahawia.

Kumbe sifa yetu kubwa ndiyo kasoro yetu. Sentensi ile nimeikata kwa wino badala ya kuandika ukurasa upya, maana baada ya uhaba ule madukani sabuni imeanza kurudi, karatasi bado. Chini yake nimeandika dawa: kizuizi cha bati la madigadi ya baiskeli, meno yakomee kwenye nyama nyeupe.

Naogopa kidogo mwalimu ataudhika na mkato ule. Lakini mashine itafanya kazi, nina hakika.

Salimu kaniuliza hayo nimeyasoma kitabu gani. Nikamwambia kesho aje akalie mbuzi ya bibi, akune nazi moja kwa mkono.

Hajawahi. Mwaka mzima anaichora mashine ya kukuna nazi, na hajawahi kukuna nazi!