Mvumo Uliolifunika Jua

Jumatatu, 3 Machi
Saa kumi jioni, hedifoni masikioni tena. Wiki ya tatu hii. Jua likilipuka hurusha mawimbi ya redio, na antena yangu ya waya ingeyanasa. Sisikii ila mvumo, kama nzi aliyenaswa chupani. Nimezima umeme wa nyumba nzima, nikatumia betri. Bado upo. Basi hautoki kwangu.

Jumatano, 5 Machi
Baada ya vipindi vya shule nimezunguka kijiji chetu cha Maji ya Chai na redio ndogo mkononi, nikifuata mvumo. Watu wamenishangaa. Barabarani ulikuwa hafifu. Kwenye ukuta wa jirani yangu, Mama Kaaya, redio ikapiga kelele mpaka nikapunguza sauti. Ni mashine yake ya kuangulia vifaranga, iliyo nyuma ya ukuta huo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda. Shikamoo, marahaba, chai. Nikamwomba aizime nusu saa.
"Mayai yana siku kumi na tisa, mwalimu. Mwaka jana umeme ulikatika, nikazika yote. Siizimi."
Nimeona aibu. Nikamwomba niguse waya wake tu. Amefikiri sana, kisha akakubali.
Nilikuwa na pete nyeusi, zile za kwenye nyaya za kompyuta, zinazozuia kelele za umeme. Imebidi kuchomoa plagi nizungushe waya kwenye pete. Dakika moja. Mama Kaaya ameihesabu kwa sauti.
Nyumbani mvumo umebaki mnong'ono.

Ijumaa, 7 Machi
Jua kimya. Naogopa nimeua mayai ya watu.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi amenipigia simu: vifaranga wanatoboa. Nimepumua.
Saa tano na robo, likaja wimbi la jua. Lilianza chini, likapanda kama mvua kubwa juu ya bati, likajaa kichwa kizima, likashuka. Nusu dakika. Nimekaa chini kwenye nyasi. Jua hili hili linalokausha mahindi yetu. Sauti imesafiri dakika nane, haikutumwa kwa mtu yeyote, ikanikuta mimi. Machozi yamenitoka.
Nikamwita Mama Kaaya. Tumesubiri. Likaja la pili, akalisikia yeye. Amevua hedifoni taratibu.
"Ni jua hili la kila siku?"
"Hili hili, mama."
Akatazama chini, kama aliyeingia kanisani.

Jumapili, 9 Machi
Leo jua halikulipuka. Mama Kaaya ametoka ibadani, ameleta kigoda, akaketi karibu na antena. Tumepokezana hedifoni. Mchakacho mdogo wa anga tu, hauna mwisho. Hakuna aliyetaka kuondoka.