Dorca Bado Anapumua

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Perez Awuor. Umri: miaka 46. Kazi: fundi wa cherehani. Makazi: Migosi, Kisumu. Yamechukuliwa Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, na Konstebo Hiram Muchiri.

Mimi ni jirani wa Calvince Oduor, mpiga gitaa, ambaye mmemweka seli tangu jana. Naomba afande aandike haraka, maana leo mchana kuna harusi Mbita, na Calvince anatakiwa Luanda Kotieno kabla feri haijaondoka. Ogola, kiongozi wa bendi, amemwambia akikosa hii, nafasi yake inapewa mtu mwingine kabisa.

Mnamo Ijumaa, tarehe 13, saa kumi na moja jioni, Calvince aliniita kwake nimsaidie. Spika ya ampu yake ilikuwa imeraruka karatasi, ikawa inakoroma badala ya kuimba. Spika hiyo inaitwa Dorca. Ni jina la marehemu nyanya yake, aliyeuza omena, wale samaki wadogo, mpaka akamnunulia ampu hiyo. Kwetu jina la mtu halizikwi naye.

Alikuwa ameitoa kwenye sanduku lake kwa bisibisi. Akagusisha waya zake na betri ya tochi, karatasi ikaruka kidogo, tup. Akafurahi, akasema kwa nguvu: "Dorca bado anapumua!" Mimi nikakata kipande cha bitana nyembamba, yeye akakipaka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, tukakibandika mbele na nyuma ya ule mpasuko. Ni kweli nilimwambia amshike kifua asitingishike, mimi nimzibe. Naye akasema Dorca akifa leo, yeye kwisha. Tuliongea kwa sauti kubwa kwa sababu mimi sijui kunong'ona, ploti nzima inajua.

Upande wa pili wa ukuta anakaa Rahab Wanjiku, muuza vitunguu kwa pikapu, hajamaliza mwezi hapo. Afande, kwa Kijaluo mtu na spika wote ni "en". Tukija kwa Kiswahili tunasema "yeye" tu, tunasonga mbele. Rahab hakujua. Alisikia mwanamke amepasuka kifua na watu wawili wanahangaika naye, akapiga simu.

Saa kumi na mbili nilirudi kwangu kupika. Askari walipofika, kwa maneno ya Calvince mwenyewe, walimkuta na wembe mkononi, akipunguza bitana. Wakamuuliza Dorca ako wapi. Akawajibu, "Nimemlaza hapo mezani akauke." Yawa! Mimi kusikia kelele na kutoka nje, nikakuta ameshafungwa pingu. Walipoona mezani kuna spika, walidhani anawachezea, wakambeba yeye na spika na sanduku na gitaa pamoja. Nilieleza, nikaambiwa nije asubuhi. Niliumia sana, kwa sababu huyo kijana hana mwingine wa kumsemea.

Leo asubuhi nilimkuta Rahab hapa kituoni. Nilikuja na maneno ya kumchoma, nimeyapanga njia nzima. Akaniwahi. Akasema: "Mama, nilikokuwa nikikaa, jirani yetu alilia, sisi tukaongeza redio. Kulipokucha tukamkuta amekufa. Niliapa sitanyamaza tena." Nikamshika mkono. Jirani wa namna hiyo mimi namtaka.

Afande wa zamu akasema kama kweli Dorca ni spika, basi alie tumsikie. Calvince akatolewa, akaifunga ndani ya sanduku, akachomeka gitaa. Hakuna aliyejua kama gundi imeshika, maana ilikauka stoo kwenu bila mtu wa kuiangalia. Alipogusa nyuzi, iliimba. Safi, bila kukoroma. Mahabusu wakapiga makofi kutoka ndani, na mimi nikalia mbele ya watu bila aibu.

Hakuna mtu aliyeumizwa. Haya niliyoyaona kwa macho yangu, niliyoambiwa, na mengine niliyoyasema kwa mdomo wangu mwenyewe, ndiyo maelezo yangu. Nimesomewa nikayakubali.

Sahihi: P. Awuor

Maelezo ya afisa: Mlalamishi, Rahab Wanjiku, ameondoa malalamiko yake. Calvince Oduor ameachiliwa saa mbili na nusu asubuhi akiwa na mali yake yote. Kwa kuwa kwa magari ya abiria angechelewa feri, mlalamishi ameamua kumpeleka mwenyewe kwa pikapu yake. Ili sanduku lipate nafasi, vitunguu vyake vimeshushwa hapa kituoni, na ninavilinda mpaka atakaporudi.

Konstebo H. Muchiri