Nilivyosimama Kwenye Mnada wa Korosho

Jumamosi. Joto la leo linachosha hata kuku, wamejilaza chini ya banda midomo wazi. Mawingu yamejikusanya upande wa Ruvuma tangu asubuhi, na mvua yenyewe haishuki. Nimejificha jikoni, naandika kwenye simu yangu, mlango nimeurudishia ili mama asinione uso.

Nimefanya jambo ambalo sijui nitalitubu vipi.

Mama ana uvimbe kwenye titi. Daktari wa mjini alimpima akatuambia tusichelewe, twende Dar es Salaam mwezi huu huu. Mbuzi wetu waliishia kwenye vipimo na nauli. Tulichobakiwa nacho ni korosho, na zimo ghalani pamoja na za kijiji chetu kizima cha Mpapura. Huku kwetu huuzi peke yako. Siku ya mnada wakulima tunakaa, tunasomewa bei ya wanunuzi, kisha tunaikubali au tunaikataa kwa pamoja. Tukiikataa, korosho zinalala ghalani mpaka mnada mwingine.

Asubuhi mama alinifunga kilemba kwa mikono yake. Akasema, "Mwanangu, bei yoyote watakayoitaja, wewe kubali. Mie sina muda wa kubishana na matajiri."

Nikaondoka na maneno yangu kichwani. Njia nzima nilikuwa nayarudia: mwenyekiti, wengine tuna wagonjwa, naomba tuuze. Hata sauti nilishaipanga, isiwe ya kulia wala ya kugombana.

Bei ikasomwa. Ilikuwa ndogo, sikatai. Kila mtu akamtazama mwenzake, na mimi nikanyoosha mkono. Nilinyoosha kweli, wa kwanza. Mwenyekiti akasema mama Zuhura ana neno, nikasimama.

Mzee Hashimu, ambaye hajawahi kukosa la kusema kwenye kikao, akaguna nyuma yangu. "Haya, tumsikie. Asije akawa ameshanyweshwa chai na wanunuzi huyu."

Watu wakacheka kidogo tu. Halafu wote wakanitazama.

Macho ya watu yana nguvu, jamani. Nilijiona kama wanavyoniona wao, mwanamke mwoga anayetaka kutupa jasho la kijiji kizima. Maneno niliyokuja nayo yakayeyuka. Nikasikia sauti yangu mwenyewe inapaa: "Hatuuzi! Korosho zetu si mchanga wa kuokota!"

Vigelegele vikapigwa. "Hatuuzi!" wakaitikia, wakasimama. Mzee Hashimu akaja kunipa mkono. Na niseme ukweli, maana hapa simwogopi mtu: nilifurahi. Nilifurahi mno. Kwa kitambo kile nilimsahau mama yangu kabisa.

Bei ikakataliwa.

Wakati wa kurudi, jirani yetu Bi Somoe alinivuta kando ya njia. Nyumba yake iliezuliwa na upepo msimu uliopita, bado anaishi chini ya turubai. Akaninong'oneza, "Mie nilitaka tuuze, mama Zuhura, mvua hiyo inakuja. Benchi letu lote tulikuwa tunakungoja wewe useme. Lakini nilipokuona wewe mwenye mgonjwa ndani umekataa, nikajiuliza, mie nani? Nikapiga kigelegele."

Nikainama, nikajifanya natoa jiwe kwenye kandambili.

Mama nilimkuta barazani. Ameshatoa doti mpya ya khanga aliyoitunza kwa safari, ameiweka juu ya begi. Akaniuliza vipi. Nikamwambia watu wameikataa bei.

Akanishika kiganja, yeye mgonjwa ndiye ananibembeleza mimi. "Usilie. Kadamnasi yote ile, ungefanya nini peke yako?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Sasa namsikia ndani anaikunja ile doti, anairudisha sandukuni. Mnada mwingine hatujatangaziwa. Uvimbe wenyewe hauhudhurii vikao, hautasubiri tukubaliane. Nimejaribu kumlaumu Mzee Hashimu nikashindwa, kwa sababu mdomo uliosema ni wangu. Tena najua kesho wakiniita tena wakanitazama vile vile, huenda nikasema yale yale. Hilo ndilo linalonikatisha tamaa kuliko yote.

Bi Somoe alisema jioni atapita kumjulia mama hali. Atakuja na wenziwe, hawaji mmoja mmoja. Watanisifu, nawajua. Watamwambia mama jinsi bintiye alivyosimama na kunguruma mbele ya watu, na mama atanigeukia.

Niingie nimwambie sasa hivi, tukiwa wawili tu? Au nisubiri wawepo, nicheke pamoja nao?

Bado nimekaa na simu mkononi. Na hodi hiyo, inapigwa barazani.