Kitambaa cha Kitandani Kwetu

Rwamishenye, Bukoba

Baba Edvina,

Mtoto ameota meno mawili. Kile kitambaa cha kitandani nilichofuma nikiwa mjamzito kimepelekwa kwenye maonyesho ya sanaa hapa mjini. Kimetundikwa ukutani peke yake, watu wanachungulia maua yake ya matundu. Mama yako alinitania, "Mwanangu, shuka la matundu litamfunika nani?" Tukacheka, halafu nikaenda kulia jikoni.

Nimesikia unaishi na mwanamke huko kisiwani Bumbire. Sikuulizi. Kuna mtu anataka kukinunua kile kitambaa, nimemwambia asubiri hadi Pasaka. Ukirudi, tutakitandika. Usiporudi, nitamwachia akichukue. Uzi wa kuanzia kingine ninao.

Vaa sweta, ziwani kuna baridi.

Ni mimi,
Mama Edvina