Akaunti ya Selina

Jumatatu, 5 Mei 2025
Siku ya kwanza kazini. Steshenari ya Bi Mwanajuma, mtaa wa Picha ya Ndege. Kompyuta moja, printa moja, skana moja. Na mimi, Shija, mwenye diploma ya kompyuta! Akaunti ni moja tu, jina lake "Selina" — karani aliyekuwepo kabla yangu, kaolewa, kahamia Kisarawe. Bosi anaingia kama Selina. Jirani wa duka la dawa akija kuprinti, naye Selina. Neno la siri limebandikwa juu ya kioo kwa selotepu, lisije likapotea. Mungu wangu.

Jumanne, 6 Mei
Bi Mwanajuma kaandika kwenye kisanduku cha kutafutia: naomba barua ya mama wa mabumunda. Naomba! Anaibembeleza mashine! Nikajifanya nakohoa. Nikafuta "naomba", barua ikaja.

Kumbe Selina ni mara chache aliandika majina ya wateja. Mafaili mengi kayabatiza kwa sura ya mtu au kitu alichokuja nacho. "Kaka meno." "Shemeji wa trekta." Diploma yangu ifanye kazi na hayo? Nikasema tuweke majina kamili na tarehe. Bosi akasema watu wa vijiji vya Janga na Dutumi wanafanana majina, akina Pazi peke yao wanajaa lori, ila sura hazifanani. Nikaitikia tu. Kubishana naye ni kujichosha.

Alhamisi, 8 Mei
Nimesafisha! Kila mtu na akaunti yake: Mwanajuma, Shija, Mgeni. Msimamizi ni mimi, hakiingii kitu wala kutoka bila ruhusa yangu. Mafaili yenye majina ya kibinadamu nimeyahamishia kwangu. Uchafu mwingine nikauacha humo humo, nikafuta akaunti ya Selina. Kompyuta ikauliza: pamoja na mafaili yake? Ndiyo! Bosi alikuwa sokoni. Sikumwambia. Angeelewa nini?

Jumatatu, 12 Mei
Bosi kasahau neno lake la siri mara tatu. Nimemtungia jipya. Kaliandika kwenye pindo la kanga. Kwa kalamu!

Jumatano, 14 Mei
Kaja Mzee Pazi kutoka Dutumi. Shikamoo, marahaba. Hati yake ya kununulia shamba imelowa mvua za mwezi uliopita, haisomeki hata jina. Mashahidi wote wawili walishakufa. Kesho saa tatu asubuhi kesi yake iko baraza la ardhi — mtoto wa aliyemuuzia analitaka shamba. Mzee hana wasiwasi. Selina aliiskani mwaka jana, akamwambia itakaa hapa salama.

Nikatafuta "Pazi". Wakaja kumi na mmoja. Yeye hayumo. Nilitaka kumwambia labda kakosea duka. Bi Mwanajuma akampigia Selina, akaweka spika.

"Babu Pazi? Si yule wa baiskeli ya njano! Andika babu baiskeli njano, inakuja hapo hapo."

Nililiona faili hilo Alhamisi. Nalikumbuka. Nililicheka.

Pipa la taka la kompyuta tupu. Nimeweka programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa. Asilimia nne. Robo saa iliyopita pia ilikuwa asilimia nne. Naandika haya nikijifanya nasoma maelekezo ya printa. Sijamwambia mtu. Naogopa, na aibu inaniwasha mpaka masikioni.

Mzee kakaa kwenye benchi, baiskeli kaiegemeza mlangoni. Njano kweli. Bosi kamwagizia chai. Namsikia: tulia mzee wangu, huyu kijana kasomea, ataipata tu. Kanitazama akatabasamu.

Asilimia nne.

"Bado, mwanangu?" kauliza mzee.

Nimesema bado kidogo. Nimerudi kwenye kisanduku cha kutafutia, nikaandika: naomba babu baiskeli njano.