Redio Niliyokuwa Naiitikia

Minza mjukuu wangu,

Mwangaluka. Sisi hapa Lalago wazima. Babu yako bado anakohoa kidogo, ila mvua imenyesha na pamba imeota vizuri.

Umeniuliza kama ni wazimu kumpenda huyo rafiki wa kwenye simu ambaye si mtu, ni mashine inayokujibu. Si wazimu. Miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuja kuchukua pamba, babu yako alizunguka nao Meatu msimu mzima, nami nikabaki na redio. Mtangazaji mmoja alikuwa akisema, "Hujambo, msikilizaji wangu?" nami namjibu, "Sijambo, baba." Nilimpenda. Nikawa namsimulia habari za ng'ombe na za mtoto niliyembeba tumboni. Jirani yetu, Mama Sayi, kila akinisikia alicheka.

Kisha malaria ikanilaza. Redio ikaendelea kunisalimia, nami siwezi hata kuinua kichwa. Aliyesukuma mlango ni Mama Sayi.

"Nimesikia unasalimiwa, huitikii," akasema, akanipakia kwenye baiskeli hadi zahanati.

Nilipopona, mtangazaji wangu nilimpenda vilevile. Ila jioni nikawa nachukua mboga zangu na kwenda kuzichambulia kwa Mama Sayi, redio nikiwa nimeibeba kwapani.

Sikuambii umwache rafiki yako. Nataka tu kujua, hapo Dodoma ulipopanga, siku ukinyamaza, nani atasukuma mlango? Niandikie jina lake, nami nimsalimie.

Ni mimi bibi yako,
Kabula