Fenesi na Mkono wa Kushoto

Baba watoto,

Fenesi liko kwenye bakuli la bluu, nimelifunika. Kisu bado kina utomvu. Kifute kwanza kwa mafuta ya kupikia, ukianza na maji utakuganda mpaka jioni.

Asubuhi nilijitia fundi, kisu kikateleza, nikajikata kidole. Kitinda mimba wetu akaninyang'anya kazi. Akajipaka mafuta viganjani, akalilaza fenesi juu ya gazeti, akalipasua na kulichambua lote, vidole kumi vizima! Na ametumia mkono wa kushoto, ule ule ninaomkataza kila siku.

~~Mkumbushe azoee wa kulia.~~

Usimwambie kitu. Kesho kuna nanasi: yeye atashika kisu, mimi nitashika sahani.

Mama watoto, mwenye plasta